Kinanda Kinachofyatuka: Historia ya Mtambo wa Piano na Majina ya Sehemu Zake

Mfasiri anayepewa kitabu cha kufundishia muziki hukutana na neno kinanda mapema sana, naye hulitumia bila kusita kwa kuwa ni neno la zamani na linajulikana na kila mtu. Taabu huanza pale kitabu kinapoifungua ala yenyewe na kueleza kilichomo ndani. Hapo mfasiri hugundua kwamba ana jina la sanduku lakini hana majina ya vilivyomo sandukuni. Aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huyaacha maneno ya kigeni kama yalivyo, ama huyageuza neno kwa neno, na msomaji akabaki gizani katika hali zote mbili.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya mtambo wa piano na jinsi unavyofanya kazi. Pili, kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno tunayoyahitaji tunayo tayari, na kwamba neno lililo muhimu kuliko yote halitoki katika vitabu vya muziki bali katika kazi ya mtegaji. Mifano yetu tutaichukua hasa Masasi na Newala, kwa sababu historia ya sehemu hizo imegusana na historia ya ala hii kwa njia zaidi ya moja.

Neno kinanda na mzigo wake

Katika miji ya pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi yenye shingo na tumbo, ndugu wa udi, iliyopigwa kwa vidole au kwa unyoya. Walipofika Wazungu na ala zao, jina hilo likapanuliwa. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 inalitaja kwa ala ya nyuzi na pia kwa ala zenye vibonyezo. Tangu hapo neno moja limebeba ala ambazo kwa ndani hazifanani hata kidogo.

Tuchukue mfano wa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi UMCA, aliongoza msafara wa watu waliookolewa utumwani kutoka Unguja, wakaanzisha makazi Masasi. Muda mfupi baadaye kazi ya misheni ikafika Newala pia. Katika makanisa ya misheni za namna hiyo Afrika Mashariki nzima, ala ya vibonyezo iliyozoeleka ni ile ya mvukuto, inayopigwa kwa vidole huku miguu ikikanyaga. Ni nyepesi kuliko piano, husafirishika kwa urahisi, na huvumilia zaidi unyevu wa nchi zetu. Kwa Mkristo wa Masasi, basi, kinanda ni hicho. Lakini akifungua Zaburi ya 150 katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, atakuta kinanda kimewekwa pamoja na kinubi, kwa maana ya ala ya nyuzi. Neno ni lile lile. Ala ni nyingine kabisa.

Ndani ya kinanda cha mvukuto hamna uzi hata mmoja. Miguu hujaza pumzi katika mvukuto, kama mfua chuma avukutavyo moto wake. Kidole kikibonyeza, kilango kidogo hufunguka, pumzi hupita penye ulimi mwembamba wa shaba, na ulimi ukatetemeka. Sauti hudumu maadamu kidole kiko chini na pumzi ipo. Kidole kikiwa kizito au chepesi, sauti ni ile ile.

Piano ni kinyume cha hayo. Ndani mna nyuzi za chuma, zaidi ya 200 katika piano kubwa, na kila kibonyezo kina nyundo yake. Sauti huanza kwa pigo na papo hapo huanza kufifia. Kidole kikenda kwa kasi, sauti huwa kubwa. Kikenda polepole, huwa ndogo. Kwa hakika piano iko karibu zaidi na kinanda cha kale cha pwani kuliko hicho cha kanisani, kwani zote mbili hulia kwa nyuzi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba piano ni kinanda hajakosea. Lakini asipoongeza neno, wale waliokwisha kuona mvukuto watatafuta mvukuto.

Shida aliyoitatua Cristofori

Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, fundi wa Kiitalia aliyezaliwa Padua mwaka 1655, akaajiriwa Florence na Mwana wa Mfalme Ferdinando wa ukoo wa Medici. Orodha ya ala za ukoo huo iliyoandikwa mwaka 1700 inaitaja ala yake mpya yenye kutoa sauti ndogo na sauti kubwa, na jina piano limebaki kutokana na maelezo hayo: kwa Kiitalia neno hilo maana yake ni polepole, kwa sauti ya chini. Mwaka 1711 mwandishi Scipione Maffei alichapisha maelezo ya ala hiyo pamoja na mchoro wa mtambo wake. Piano 3 za Cristofori zimebaki hadi leo: ya mwaka 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 iko Leipzig, Ujerumani.

Kabla ya Cristofori zilikuwapo ala za nyuzi zenye vibonyezo. Ile iliyopendwa katika majumba ya wakuu ilikuwa na vipande vya unyoya vilivyoukwanyua uzi na kuupita. Ilikuwa na mlio mzuri, lakini mpigaji hakuweza kuongeza wala kupunguza ukubwa wa sauti kwa kidole chake. Ala nyingine ndogo ilikuwa na vipande vya shaba nyeupe vilivyogusa uzi na kubaki hapo. Hiyo iliutii mkono, lakini sauti yake ilikuwa hafifu mno isiweze kusikika katika ukumbi.

Kwa nini basi fundi asiweke nyundo mwishoni mwa kibonyezo, ipige uzi, mambo yakaisha? Mpiga marimba anajua jibu. Akiupiga ubao wa marimba na kuuacha mchi wake juu ya ubao, mlio hufa pale pale. Hana budi kuuondoa mchi mara tu unapogusa. Mpiga marimba hufanya hivyo kwa kiwiko na kifundo cha mkono, bila kufikiri. Lakini nyundo ya piano haimo mkononi mwa mpigaji. Iko mwisho wa nyenzo, na mpigaji hushikilia kibonyezo chini muda wote anaotaka sauti idumu. Ikiwa nyundo imeunganishwa na kibonyezo moja kwa moja, kidole kikikaa chini nyundo nayo hukaa juu ya uzi, na sauti hufa.

Hii ndiyo shida yenyewe: kidole kibaki chini, nyundo irudi. Cristofori aliitatua kwa kuifanya nyundo iachane na kidole kabla haijaufikia uzi.

Mtambo unavyofanya kazi

Tuufuate mwendo huo hatua kwa hatua katika piano ya kisasa ya kulala, ambayo kwa asili haikuacha wazo la Cristofori.

Kibonyezo ni wenzo mrefu ulioegemea katikati, mfano wa pembea ya watoto. Kidole kikishusha ncha ya mbele kwa milimita 10 hivi, ncha ya nyuma huinuka. Juu ya ncha ya nyuma upo wenzo wa kati, na juu ya wenzo huo kimesimama kipande kidogo cha mti chenye umbo la herufi L. Kipande hiki ndicho kinachoisukuma nyundo kwenda juu kutoka chini ya shina lake. Kwa kuwa nyenzo zimepangwa moja juu ya nyingine, mwendo mdogo wa kidole huwa mwendo mkubwa wa nyundo: nyundo husafiri milimita 45 hivi, yaani zaidi ya mara nne ya kidole, tena kwa kasi inayozidi kwa kadiri hiyo hiyo.

Nyundo inapobakiza milimita 2 hivi kuufikia uzi, mguu wa kile kipande cha herufi L hukutana na kizuizi kilichowekwa makusudi. Kipande huteleza kando, na nyundo hupoteza kinachoisukuma. Toka hapo huruka peke yake kwa kasi iliyokwisha kuipata, hupiga uzi, na huanguka. Kidole bado kiko chini, lakini hakina tena amri juu ya nyundo.

Nyundo inapoanguka hupokewa na kipande kilichofunikwa ngozi au sufu, ambacho huidaka isije ikaruka tena na kupiga mara ya pili bila kutakiwa. Wakati huo huo ncha ya nyuma ya kibonyezo imekwisha kuinua kipande kingine cha sufu kilichokuwa kimeulalia uzi. Maadamu kibonyezo kiko chini, uzi uko huru kutetemeka. Kidole kikiondoka, sufu hulala tena juu ya uzi na kuizima sauti. Mtetemo wa uzi hupelekwa kwenye ubao mpana ulio chini ya nyuzi, nao ndio unaoipa sauti nguvu ya kujaza chumba, kama tumbo la udi au kibuyu cha zeze.

Mwalimu wa muziki atatambua hapa somo kubwa. Mara nyundo inapokwisha kuachana na kipande kile, mpigaji hawezi kuongeza wala kupunguza chochote katika ukubwa wa sauti. Kukandamiza kibonyezo baada ya hapo ni kujichosha bure. Kinachoamua sauti ni kasi ya nyundo wakati wa kuachana, wala si uzito wa mkono baada yake. Kwa hiyo mfasiri anayeandika “bonyeza kwa nguvu” anapotosha. Afadhali aandike “bonyeza kwa kasi”.

Jina la kitendo kilicho kiini

Sasa twende kwenye neno. Katika Kiingereza na Kifaransa, kule kuachana kwa nyundo na kidole kumepewa jina lenye asili ya kitenzi cha kutoroka. Na mtambo wote kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile la tendo. Mfasiri wa neno kwa neno ataandika “mtoroko wa kitendo cha piano”, na hakuna fundi wala mwanafunzi atakayemwelewa. Nyundo haitoroki, haikufungwa wala haiendi kujificha.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, nacho ni kufyatuka. Mtegaji wa Mkunya au wa kijiji chochote cha uwanda wa Makonde anajua kwamba mtego una ufito uliopindwa, kamba yenye kitanzi, na kijiti kidogo kinachoushikilia ufito usirudi juu. Mnyama akikigusa kijiti, kijiti huteleza kutoka mahali pake, na ufito hufyatuka. Bunduki ya zamani nayo ilikuwa na nyundo iliyoshikwa na kizuizi. Mwindaji akivuta, kizuizi huteleza na nyundo hufyatuka. Neno mtambo, ambalo leo hutumika kwa mashine za viwandani, lilitumika zamani hasa kwa vitu kama hivyo: kamani ya bunduki, mtego, na chombo chochote chenye viungo vinavyoshikana na kuachana.

Mtaalamu Mjerumani Karl Weule alikaa Masasi na Newala mwaka 1906. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 alieleza mitego na ala za muziki za watu wa huko, na nyimbo zao alizinasa kwa fonografu. Mwaka 1907 alikuwa mkuu wa jumba la makumbusho la mila huko Leipzig, na vitu vya kusini mwa nchi yetu vikahifadhiwa humo. Baada ya kifo chake mwaka 1926, makumbusho hayo yalihamia katika majengo mapya ya Grassi. Katika majengo hayo hayo yaliwekwa makumbusho ya ala za muziki ya Chuo Kikuu cha Leipzig, ilimo piano ya Cristofori ya mwaka 1726. Kwa hiyo mtu akitaka kuona vitu vya nyanda za Makonde na mtambo wa piano wa Cristofori, ataviona kwa kuvuka ua mmoja tu.

Yapo mapingamizi, na ni haki tuyapime. La kwanza ni kwamba mtego na bunduki huhifadhi nguvu kabla: ufito umepindwa jana, mnyama anapita leo. Piano haihifadhi nguvu yoyote. Nguvu yote hutoka katika kidole wakati ule ule. Je, kufyatuka hakudai kamani? Matumizi ya neno yanatujibu. Twasema kufyatua matofali, na katika kalibu ya tofali hamna kamani. Lililopo ni tofali kuachana ghafula na kilichokuwa kimelishika. Twasema pia mtu amefyatuka kwa maneno, yaani kinywa kimeachia kilichokuwa kimezuiwa. Kiini cha neno ni kuachana kwa ghafula na kizuizi, na hicho ndicho kitokeacho ndani ya piano.

Pingamizi la pili ni kwamba tunalo neno kuponyoka, ambalo pia lina maana ya kuachana. Lakini kuponyoka ni bahati mbaya: sahani huponyoka mkononi na kuvunjika. Mfyatuko wa nyundo hutokea kwa kipimo, mahali pale pale kila mara, na fundi hukaza au kulegeza skrubu ili utokee milimita 2 mbele ya uzi wala si 5. Kwa hiyo kile kipande cha herufi L kiitwe kifyatuo, na tukio lenyewe liitwe mfyatuko.

Neno zuri huzaa mengine bila taabu. Mtambo wa Cristofori ulikuwa na kasoro moja: mpigaji hakuweza kurudia sauti ile ile mpaka kibonyezo kimerudi juu kabisa, ili kifyatuo kirudi chini ya nyundo. Mwaka 1821 karakana ya Sébastien Érard ilipata hati ya uvumbuzi wa mtambo wenye wenzo wa nyongeza na kamani ndogo, unaoishikilia nyundo karibu na uzi baada ya pigo ili kifyatuo kiwahi kurudi mahali pake kibonyezo kikiwa kimeinuka nusu tu. Uvumbuzi huo tunaweza kuuita mfyatuko maradufu, na msomaji aliyekwisha kuelewa mfyatuko ataelewa papo hapo.

Pembe na mpingo

Haifai kuifunga historia hii bila kutaja vitu viwili ambavyo mtu wa kusini atavitafuta: pembe na mpingo.

Katika karne ya 19 misafara ilisafiri kati ya Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani, ikibeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa; wafanyabiashara wa Kiyao walikuwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi katika njia hizo. Pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa kuwa laini, zisizopasuka upesi. Sehemu kubwa ilipitia Unguja, ambako makampuni ya Kimarekani yalikuwa na mawakala, ikaishia katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton, Connecticut. Huko viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vipande vyembamba, vikavianika juani katika vibanda vya vioo mpaka vikawa vyeupe, kisha vikavigandisha juu ya vibonyezo vya piano. Wengi wa wale waliofika Masasi mwaka 1876 walikuwa wametolewa makwao kwa biashara hiyo hiyo ya watu na pembe. Katikati ya karne ya 20 watengenezaji wengi waligeukia plastiki. Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa pendekezo ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioliwasilisha, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na marufuku hiyo ilianza mwaka 1990.

Kuhusu vibonyezo vyeusi, mfasiri ajihadhari. Tafsiri nyingi husema ni vya mpingo. Kwa desturi vilitengenezwa kwa mti mweusi wa jenasi ya Diospyros. Mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya mikunde. Huo hutumika kwa klarineti na obo, na kwa vinyago vya Wamakonde. Miti hii miwili hufanana kwa rangi, lakini si ndugu. Afadhali kuandika “mti mweusi” kuliko kuupa mpingo kazi isiyokuwa yake.

Istilahi zinazopendekezwa

Maneno yafuatayo yanatolewa kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa mihtasari ya masomo, ili yajaribiwe kabla ya kupelekwa kusanifiwa.

Piano: kinanda cha nyuzi zinazopigwa kwa nyundo.
Kinanda cha mvukuto: kinanda kinacholia kwa pumzi na ndimi za shaba.
Kibonyezo: wenzo unaoguswa na kidole. Neno ufunguo lisitumike hapa, kwani wanakwaya wamekwisha kulizoea kwa maana ya kiwango cha sauti cha wimbo.
Mtambo wa piano: jumla ya viungo vyote kati ya kibonyezo na uzi.
Wenzo wa kati: wenzo unaopokea mwendo wa kibonyezo na kuuzidisha.
Kifyatuo: kipande kinachoisukuma nyundo na kuteleza kabla haijaufikia uzi.
Mfyatuko: kuachana kwa nyundo na kifyatuo.
Mfyatuko maradufu: mfyatuko unaoruhusu pigo la pili kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa.
Kidakanyundo: kipande kinachoipokea nyundo inaporudi, neno limeundwa kwa mfano wa kidakatonge.
Kizimasauti: sufu inayolala juu ya uzi na kuukomesha mtetemo.
Ubao wa mvumo: ubao mpana unaokuza sauti ya nyuzi.

Yamkini mafundi wanaotengeneza piano Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa wana maneno yao ya kazini yaliyo mepesi kuliko haya. Ikiwa ndivyo, na yaletwe, nasi tutayapokea kwa furaha. Neno la fundi hutangulia la mwandishi. Lakini kwa kifyatuo tungeomba subira kabla ya kulibadilisha. Neno hilo linaeleza kazi ya chombo kwa mtu ambaye hajapata kukiona, na mwalimu wa Newala asiye na piano shuleni kwake anaweza kulifundisha kwa kijiti, kamba na ufito.